Sweta Halijaiva: Asubuhi za Shule kwa Mzazi wa Mbeya

Mugonile. Naona wa Rungwe wameitika, wengine mnanitazama tu. Haya, Wasafwa, Wandali, na ninyi mliohamia kikazi: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Nimeanza na salamu ile ya Kinyakyusa makusudi kwa sababu inauliza habari za kulala, na huko nitarudi nikibaki na muda. Mwenyekiti amenipa dakika 20. Mwaka jana alinipa dakika 20 nikatumia 50, ndiyo maana leo kiti chake amekisogeza karibu yangu. (Kicheko.)

Mimi ni mwalimu, nimesimama kwenye geti la shule ya msingi miaka 27. Najua mnachosubiri: niseme amkeni mapema ili watoto wasichelewe shule. Sisemi. Mama wa Uyole anayekwenda kupokea viazi sokoni anaamka saa 10 alfajiri, na mtoto wake anachelewa vilevile. Kuamka mapema kungekuwa dawa, Mbeya nzima tungekuwa tumepona.

Nitawaeleza habari ya sweta. Walionisikia mwaka jana vumilieni, au tokeni nje mkaote jua, mtarudi nikimaliza.

Nilikuwa na kijana wa darasa la tatu. Jumanne yupo, Jumatano yupo, Alhamisi anafika kabla ya kiranja. Jumatatu anachelewa. Si Jumatatu moja, karibu kila Jumatatu ya mwezi wa saba, na ya mwezi wa nane. Nami nikasema kama walimu tunavyosema: huyu wikiendi anacheza mno. Nikampanga na wachelewaji wengine kuokota takataka uwanjani, na baridi ile mnaijua, usiku imeshuka chini ya nyuzi 10, nyasi zimelowa, ukungu hauonyeshi hata goli la pili.

Jumatatu ya nne au ya tano hivi nikamshika mkono ili nimsogeze kwenye mstari. Mkono wa sweta ulikuwa umelowa. Si unyevu wa ukungu, umelowa, ukiukamua unatoa maji. Na unanuka moshi. Kwenye kiwiko kulikuwa na tundu ukubwa wa shilingi mia, ukingo wake mweusi, umekakamaa. Nikamuuliza, "Hili nini?" Akaniambia, "Mwalimu, sweta lilikuwa halijaiva."

Halijaiva! Nilicheka, halafu nikaona aibu. Maana nyumbani kwao sweta lilikuwa linapikwa kweli. Linafuliwa Jumapili saa 10 jioni baada ya ibada na wageni, linaanikwa kwenye jua linaloaga, linaingizwa ndani usiku likidondosha maji, alfajiri linawekwa juu ya jiko la mkaa pembeni ya sufuria ya chai. Upande mmoja unaungua, upande mwingine mbichi. Mtoto amekaa kwenye kigoda na kifua wazi, begi amevaa tayari, anasubiri sweta liive aende shule. Nami ninamsubiri getini nimuadhibu.

Sasa niambieni huyo mtoto shida yake ilikuwa asubuhi? Asubuhi haikuwa na kosa lolote. Shida ilikuwa Jumapili saa 10.

Na hapa ndipo ninapogombana na watu kila mwaka. Sare zifuliwe Ijumaa. Mtoto akirudi shule Ijumaa saa 9 au 10, haingii uwanjani na shati jeupe. Anavua, analoweka, anafua. Jua lililobaki linalikuta sweta kwenye kamba, na Jumamosi nzima ipo. Likikataa kukauka, Jumapili asubuhi ipo. Umejipa siku mbili za jua badala ya saa mbili.

Ninajua maneno yenu. "Mwalimu, ana sare moja tu." Mwenye sare moja ndiye ninayemwambia! Mwenye sare tatu anaweza kufua hata Jumatatu alfajiri akipenda. "Mwalimu, sisi Wasabato." Nawaheshimu sana, ndiyo maana nimesema Ijumaa saa 9, jua likizama uwe umeshatundika na kuosha beseni. Kwenye hili ninyi mmewashinda Wamoravian, mmezoea kumaliza kazi mapema. (Kicheko.) "Mwalimu, mtoto mdogo hawezi kufua sweta." Soksi anaweza. Kola anaweza. Sweta mkamulie wewe, na ukishakamua liviringishe ndani ya taulo kavu, liweke chini, mwambie apande juu akanyage. Atafurahi, na taulo litanyonya maji ambayo mikono yako haiyawezi. Sweta la nyuzi linashika maji kama sifongo, tofauti na shati.

Na jiko la mkaa lisilale ndani. Hili sisemi kwa mzaha. Mkaa kwenye chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, mtu anasinzia haamki. Kila msimu wa baridi huku kwetu tunajua tunachokisikia. Sweta halistahili familia.

Kuna suala la jua, na hili wageni wa Dar es Salaam hawalielewi kabisa. Saa yetu na yao ni moja, lakini jua si moja. Sisi tuko magharibi yao kwa karibu nyuzi 6 za longitudo, kila nyuzi ni dakika 4, pigeni hesabu ya darasa la sita. Mwezi wa saba kwao jua linatoka saa 12 na nusu hivi. Hapa linatoka saa 1 kamili, na milima bado inalificha. Saa 1 ndiyo mtoto anatakiwa awe getini! Kwa hiyo mtoto wa Mbeya anajiandaa gizani na kutembea gizani, na mama anayesema "nitaanika asubuhi kidogo" anaanika kwenye giza. Ila jioni jua linatulipa, linazama saa 12 na nusu na zaidi. Hiyo nusu saa ya mwanga wa jioni ndiyo asubuhi yenu. Viatu vipanguswe tope hapo nje, mtoto akiona. Begi lifungwe, liwe na kalamu, na ufagio kama kesho ni zamu yao. Kiatu kinachotafutwa gizani kwa tochi ya simu siku zote kiko kimoja.

Baba mmoja aliwahi kuniambia, "Mwalimu, hayo ni mambo ya mama." Nikamuuliza soksi zake yeye ziko wapi. Akamwangalia mkewe. (Kicheko kirefu.) Nyumba ambayo kila kitu kinajulikana na mtu mmoja, huyo mmoja akiugua malaria siku tatu, watoto wanne hawajui hata chumvi ilipo. Na akina mama nanyi mna kosa, mtoto wa miaka 10 unamvalisha soksi kwa sababu "ananichelewesha." Mwache afunge kamba zake vibaya wiki mbili.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Dakika ngapi? Tano. Haya, haraka.

Chakula. Usianze kupika uji wa ulezi saa 12 ukiwa unatazama saa. Viazi au magimbi yachemshwe usiku. Maji ya moto yajazwe kwenye chupa ya chai ya lita tatu kabla ya kulala, alfajiri bado yana moto wa kunawia uso na miguu, na chai inawahi kuchemka.

Hela. Mtoto akisema saa 12:40, "Mama, mwalimu amesema tulete mia tano," hapo hakuna chenji, kuna elfu kumi tu, na duka limefungwa. Swali la "kesho mmeambiwa mlete nini?" liulizwe wakati wa kula usiku. Basi.

Usafiri. Makonda wanawakwepa wanafunzi kwa sababu ya nauli, mnajua, sina dakika za kulia hapa. Anayetokea Igawilo au Iwambi atoke na wenzake watatu wanne, wasivuke barabara kuu ya malori mmoja mmoja kwenye ukungu.

Kulala, niliahidi. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 za usingizi. Ukimwamsha saa 11 na nusu, rudi nyuma mwenyewe: taarifa ya habari ya saa 2 ikianza, watoto waage. Tamthilia inayofuata si yao. Nilikuwa na maneno mengi ya simu, nayaacha.

Swali? Baba pale nyuma. Anasema kijana wake yuko kidato cha kwanza, anaamka saa ngapi. Baba, mimi nimezungumzia Ijumaa muda wote huu, wewe unaniuliza saa ya kuamka?

Leo ni Jumapili, na saa 10 inakaribia. Ninajua humu ndani wapo walioacha sweta kwenye beseni, nimewaona wanavyotazama dirishani. Ondokeni sasa hivi, sitakasirika. Na taulo msisahau.