Mnaniuliza Kama Nimenunua Shamba Ujerumani: Jibu Langu Hili Hapa

Haya wapendwa, karibuni. Tangu niweke ile video ya kuvuna mchicha, maswali ni yale yale. "Dada, umenunua shamba Ulaya?" Na chini yake mwingine: "Yaani umeacha kulima Lushoto ukaenda kulima Ujerumani?" Nimejibu mmoja mmoja mpaka vidole vimechoka, na nikimjibu mmoja wanakuja watatu. Basi leo nimekaa hapa barazani, naeleza mara moja, na atakayeuliza tena namtumia video hii.

Na kabla sijafika mbali, najua yatakayosemwa. Nikitaja bei, naringa. Nikitaja adha, nalalamika wakati nyumbani kuna watu wanaamka usiku kutafuta maji. Yote mawili nimeshaambiwa, tena na ndugu wa damu. Siringi na silalamiki. Mmeuliza, naeleza yaliyonikuta mimi, hapa Leipzig, kwenye chama changu. Aliyeko Hamburg au Berlin anaweza kuwa na mambo tofauti kabisa.

Sijanunua shamba. Ardhi hii si yangu na haitakuwa yangu. Inaitwa Kleingarten: kuna chama cha wakulima wa bustani, chama kinashikilia eneo zima, na sisi wanachama tunakodishiwa vipande. Sheria ya nchi ya mwaka 1983 inasema kipande kisizidi mita za mraba 400, na kibanda kisizidi mita za mraba 24, baraza likiwemo. Cha kwangu ni kidogo kuliko hapo. Nchi nzima vipande kama hivi ni karibu laki tisa, na vuguvugu lake moja kubwa lilianzia mji huu huu. Mwaka 1864 mkuu wa shule mmoja, Ernst Hauschild, alianzisha chama akakipa jina la daktari Schreber, ambaye alikuwa ameshafariki. Mwanzoni kilikuwa na kiwanja cha watoto kuchezea. Vitalu vya mboga vilikuja baadaye, vikaanza kulimwa na watoto, halafu wazazi wakavikamata wao. Mpaka leo wazee wanaziita bustani za Schreber.

Tuje kwenye pesa, maana najua ndiyo mnayoisubiri. Kodi ya ardhi yenyewe ni ndogo, na si kwa huruma ya mtu. Sheria inasema isizidi mara nne ya kodi wanayolipa wakulima wa biashara wa matunda na mboga katika eneo hilo. Ukijumlisha ada ya uanachama, bima ya kibanda, maji na umeme, mwaka mzima kwangu haufikii kodi ya mwezi mmoja ya chumba ninacholala. Panapouma ni mwanzoni. Anayeondoka ameacha kibanda, miti ya matunda, mabomba. Anakuja mthamini na makaratasi yake, anaandika kila kitu mpaka umri wa mti wa tufaha, na jumla inayotoka unamlipa yule anayeondoka. Mimi ilikuwa euro 1,800. Nililipa kwa mafungu, nikiwa bado mwanafunzi wa uuguzi, na posho ya mwanafunzi wa uuguzi walio huku wanaijua.

Hapo ndipo baba yangu mdogo aliponipigia simu. Sijui nani alimwambia. Akasema pesa ya mabati ya nyumba ya bibi nimeinunulia maua. Baba mdogo, najua video zangu unaziangalia. Mabati ya bibi niliyatuma mwaka uliotangulia, risiti ninayo, na aliyeyapokea tunamfahamu sote wawili. Nimeshasema, naendelea.

Makaratasi sasa. Unajaza fomu ya maombi, unaambatanisha cheti cha usajili wa makazi, unaingia kwenye foleni. Mimi niliingia kabla ya korona. Korona ilipokuja, watu wamefungiwa ndani ya nyumba, kila mmoja akaitaka bustani, na foleni ikawa haisogei. Kuna chama kimoja, sikitaji, kilinijibu kwamba orodha imefungwa. Wiki ile ile mwenzangu wa darasani, Mjerumani, aliandika pale pale akatumiwa fomu. Alinionyesha mwenyewe kwenye simu yake, na aliona aibu kuliko mimi. Liliniuma, na bado linaniuma. Chama kilichonichukua kiko mbali zaidi na kwangu, nabadilisha tramu, na nashukuru kilinichukua.

Mkataba unakuja na kitabu cha kanuni. Usisaini kabla hujakielewa chote, hata kama Kijerumani chako ni cha kununulia mkate, tafuta mtu akusomee. Angalau theluthi ya eneo lazima iwe mboga na matunda, na hilo Mahakama Kuu ya Shirikisho iliamua mwaka 2004. Kwetu hairuhusiwi kupanda misonobari wala miti mikubwa ya jozi. Saa saba hadi saa tisa mchana hakuna mashine, na Jumapili hakuna mashine kutwa. Kuanzia tarehe 1 Machi mpaka 30 Septemba huruhusiwi kuukata ua wa miti mpaka chini, kwa sababu ya viota vya ndege. Kupunguza machipukizi unaruhusiwa.

Na hapa naongea na wadogo zangu mnaofika sasa hivi. Kuna mtu anawadanganya kwamba unaweza kukodi bustani ukalala humo ukaokoa kodi ya nyumba. Huwezi. Sheria inakataza kibanda kuwa makazi, na huwezi kusajili anwani yako pale. Bila anwani iliyosajiliwa hufungui akaunti ya benki kirahisi, na ukienda ofisi ya wageni unakwama. Na anayeuliza kama bustani inasaidia viza, haisaidii chochote.

Jambo lingine, kuuza. Majirani zangu Waafrika wa hapa mjini wananiandikia: "Dada, fungu la majani ya maboga bei gani?" Bei hakuna. Bustani hizi sheria inazitaka ziwe za matumizi ya nyumbani, si biashara, na nikianza kuuza mkataba wangu uko hatarini. Natoa ninachoweza. Lakini mwaka jana nilimwambia mtu kwamba yamekwisha, akaenda kwenye kundi la WhatsApp kuandika kwamba nina roho mbaya. Majani yalikuwa yamekwisha kweli. Baridi ya Oktoba iliyaua yote usiku mmoja.

Sasa mikutano, maana wengi mnadhani bustani ni jembe tu. Mkutano mkuu wa mwaka unafanyika kabla msimu haujafunguka, kwenye ukumbi wa chama. Unasaini mlangoni, unapewa karatasi ya kupigia kura, moja kwa kila kipande. Mwenyekiti anasoma ajenda, mweka hazina anasoma hesabu, wakaguzi wanasimama kusema vitabu wameviona, halafu inapigwa kura kuithibitisha kazi ya kamati. Mpaka hapo watu wametulia. Ikifika ajenda ya maji, ukumbi unawaka.

Iko hivi. Kuna mita kubwa ya maji langoni, na kila bustani ina mita yake. Mwisho wa msimu mita zetu zote zikijumlishwa hazifikii ile kubwa. Maji mengine yamevuja kwenye mabomba ya zamani, mengine yamepita matone matone ambayo mita ndogo haiyaoni. Tofauti hiyo tunagawana wote. Sasa mzee ambaye bustani yake iko karibu na lango anasimama na daftari lake, ameandika namba za mita kwa kalamu ya risasi miaka na miaka, anauliza kwa nini alipie bomba linalovuja kule mwisho. Wa kule mwisho anasimama, anasema bomba lilikatwa na waliojenga ua mpya huku mbele. Na wote wanaongea wakiwa wamesimama wima, kwa zamu, na katibu anaandika kila neno. Mara ya kwanza niliogopa, nikajua watu watapigana. Walipomaliza wakaagiza bia wakakaa meza moja.

Nitawaambia kitu ambacho sijawahi kukisema kwenye video. Mimi nina pasipoti ya Tanzania. Naishi katika mji huu, nalipa kodi zote, nawaogesha wazee wa mji huu hospitalini, na diwani wa mji huu simchagui, kwa sababu kura hiyo ni ya Wajerumani na raia wa nchi za Umoja wa Ulaya. Lakini kwenye ukumbi ule nikinyanyua karatasi yangu inahesabiwa. Tulipopiga kura ya kubadilisha bomba kuu, wakahesabu mara mbili kwa sababu zilikaribiana, na yule mhesabuji alininyooshea kidole akataja namba yangu kama alivyotaja za wengine. Ndiyo sababu yangu kubwa ya kubaki. Mchicha ningeweza kununua duka la Waasia.

Na mchicha huo huo ulinitia matatani. Kila kiangazi kamati inapita kukagua. Wakapita kwangu, wiki mbili baadaye ikaja barua: niondoe magugu yaliyokaa kwenye vitalu vyangu, nimepewa tarehe ya mwisho. Magugu! Mchicha wangu, nimeupanda kwa mistari, nimeupalilia, umestawi majani mapana kama kiganja. Ila kwao kuna mchicha pori unaoota kwenye mashamba ya viazi na wakulima wanauchukia, na aliyekagua aliona huo. Sikumpigia mtu simu. Niliandika barua, nikabandika ile pakiti ya mbegu, niliyoinunua duka la bustani la hapa hapa mjini, yenye picha ya mmea na maandishi kwamba ni mboga ya majani. Nikaomba iingie kwenye ajenda ya kikao kinachofuata. Ikaingia. Kwenye muhtasari sasa imeandikwa kwamba mchicha unahesabika ndani ya ile theluthi ya mboga. Radhi sikuombwa. Lakini muhtasari ninao, na mwanachama mmoja Mvietnamu, ambaye anapanda mchicha mwekundu miaka yote kwa kujificha nyuma ya kibanda, mwaka huu kaupanda mbele.

Kuna pia kazi ya pamoja. Watu wa Lushoto na Korogwe, ni msaragambo ule ule: kusafisha njia, kupaka rangi uzio, kuchambua mboji. Kila mwanachama ana saa zake za mwaka, usipofika unalipa fedha kwa kila saa. Mimi nikiwa na zamu za usiku nabadilishana tarehe mapema kwa barua pepe. Siku ya kufungulia maji, mwezi wa Aprili, ni lazima mtu awepo kwenye kila bustani, kwa sababu koki kuu ikifunguliwa na ya kwako uliiacha wazi, kibanda kinajaa maji. Na katikati ya Mei tunagawiana miche. Wazee wana siku zao za baridi ya mwisho, tarehe 11 mpaka 15, ya mwisho wanamwita Sophia wa baridi. Nyanya, maboga na mchicha vinatoka nje akishapita. Sukuma wiki haina shida, inavumilia.

Aliyeuliza nikitaka kurudi nyumbani inakuwaje: unaandika barua ya kuacha ndani ya muda uliotajwa kwenye mkataba, mthamini anarudi, anathamini upya, na ulichojenga nje ya kanuni unakibomoa kwa gharama yako. Kisha chama kinamchukua wa kwenye foleni, si wewe unayechagua. Kwa hiyo wale mlionitumia ujumbe kwamba niwashikie nafasi, au nikiondoka niwaachie, siwezi. Andikeni barua pepe kwa katibu wa chama cha mtaani kwenu, kwa Kijerumani, mtaje mnaishi wapi na mnataka kupanda nini, na muandikie vyama zaidi ya kimoja.