Besi Isimmeze Mwimbaji

BINTI: Karibuni wasikilizaji, kutoka hapa Mombasa. Shikamoo, Ami.

AMI: Marahaba, mwanangu.

BINTI: Leo ni spika. Mtu akiingia dukani Digo Road, la kwanza kuomba ni besi. Muuzaji anamwekea bongo fleva, kioo cha kabati kinatetemeka, pesa imetoka.

AMI: Akifika nyumbani akaweka taarabu, maneno hayashiki! Na taarabu ni ushairi. Marehemu Juma Bhalo, mwimbaji wetu wa taarabu, alipokuwa akiimba, watu walitegea sikio fumbo liko wapi.

BINTI: Yanapotelea wapi hayo maneno?

AMI: Sikio zima la kijana husikia kuanzia mitetemo 20 kwa sekunde hadi kama 20,000. Uzi mnene wa gitaa la besi uko kwenye 41 hivi, na huo unataka koni pana, ule uso wa spika unaotetemeka, isukume hewa nyingi. Lakini herufi kama s, f na ch ziko juu, maelfu huko, zinataka twita, kile kispika kidogo chepesi. Sasa hizi woofa za bei nafuu, boksi kubwa sakafuni na vidogo viwili: kubwa linabeba chini, vidogo vinabeba juu, katikati hapana wa kubeba sawasawa. Na katikati ndipo alipo mwimbaji, ndipo ulipo udi, ile ala ya nyuzi.

BINTI: Kwa hivyo bongo fleva na rege haziumii sana.

AMI: Besi na ngoma ziko mbele, pigo likifika umeridhika. Lakini lete qanuni, nyuzi zaidi ya 70, zinadonolewa mbiombio. Spika mbovu inazigeuza mvumo mmoja. Mimi spika huijaribu kwa udi wa Zein l'Abdin. Nikisikia kipigio kinagusa uzi, ndipo uzi ulie, hiyo naisikiliza zaidi.

BINTI: Na kasida za dufu?

AMI: Ah, dufu! Mkono ukigonga ngozi, mlio uanze na ukatike papo hapo. Boksi lenye tundu huongeza besi, ila likiundwa ovyo linaendelea kuvuma mkono umeshaondoka. Lililozibwa lote besi yake ni haba kidogo, lakini inakatika safi. Kwa kasida na taarabu nachukua lililozibwa, sina mjadala.

BINTI: Na nyumba zetu je? Kibokoni kuta ni za mawe, sakafu saruji.

AMI: Sauti inagonga inarudi, maneno yanapandana. Tandika zulia, tundika mapazia mazito. Halafu woofa itoe kwenye pembe ya chumba. Hapo kuta mbili na sakafu zinaipandisha besi zenyewe. Watu wanahangaika na rimoti, kumbe ni kuisogeza tu.

BINTI: Na joto letu hili na unyevu?

AMI: Sponji ya ukingo wa koni ndiyo inayooza. Ukinunua iliyotumika, vua kitambaa cha mbele, iguse kwa kidole. Ikimeguka, iache. Yenye ukingo wa mpira hudumu zaidi.

BINTI: Kisha nimwambie aniwekee taarabu.

AMI: Na apunguze sauti. Kila spika hupendeza ikipigwa kwa nguvu. Mwambie aishushe mpaka mnaweza kuzungumza bila kupaza. Ukiyapata maneno yote hapo, uliza bei.