Kuipandisha Kasi Prosesa Kuukuu Katika Joto la Mombasa

Wazee wangu mlioketi mbele, mabibi na mabwana, na nyinyi vijana mliojaza viti vya nyuma, salaam aleikum.

Nimeombwa nizungumzie ovakloki, yaani kuifanya prosesa, kile kipande kinachofanya hesabu zote za kompyuta, ipige mapigo mengi kwa sekunde kuliko yale iliyoandikiwa kiwandani. Nitashika prosesa kuukuu peke yake, kwa sababu ndizo zinazojaa kwenye kompyuta za mtumba hapa mjini, na ikiungua moja nyumba hailali njaa. Neno langu kubwa ni hili: kwetu pwani, anayetaka kasi aanze kwa kulijua joto, na mlango wa joto ni volti.

Hiyo nafasi ya kupandisha inatoka wapi? Prosesa zikitoka kiwandani hazilingani. Kila moja hupimwa, kisha huandikwa kasi ambayo kiwanda kina uhakika itaihimili kwa miaka, hata kwenye boksi lenye feni dhaifu. Hapo tayari kuna akiba. Juu yake inakuja biashara: wanunuzi wa bei rahisi ni wengi kuliko wa bei ghali, kwa hiyo prosesa nzuri kabisa huandikwa kasi ndogo ili soko litosheke.

Mfano mashuhuri ni Celeron 300A ya Intel, iliyotoka Agosti 1998. Mapigo ya msingi ya mazabodi, ule ubao mkubwa unaobeba prosesa, yalikuwa megahezi 66, yaani milioni 66 kwa sekunde; kizidishio, namba ambayo prosesa huyazidishia mapigo hayo, 4.5; jumla 300. Kizidishio kilifungwa kiwandani, hakiguswi. Lakini mapigo ya msingi hutoka kwenye mazabodi, na mazabodi ni yako. Ukiyaweka 100, hesabu yenyewe inakupa 450. Mwezi huo huo Intel ilitoa Pentium II ya megahezi 450 kwa dola 669, na Celeron hiyo ilikuwa dola 149. Tena Celeron ilikuwa na jambo lake: kumbukumbu yake ya akiba, mahali prosesa inapoweka karibu data inayoitumia mara kwa mara, kilobaiti 128 tu, ilikaa ndani ya kipande chenyewe na kwenda kwa kasi yake yote, wakati ile ya Pentium II, kilobaiti 512, ilikaa nje na kwenda nusu. Ndiyo maana ndogo ile ikaweza kushindana na kubwa.

Na mazabodi iliyokataa kubadilishwa? Ilikuwa ikisoma pini moja, inaitwa B21, ili ijue iweke 66 au 100. Watu wakaifunika pini hiyo kwa selotepu. Basi! Miaka miwili baadaye, kwa prosesa za Athlon za AMD, mshindani wa Intel, ikawa zamu ya penseli: madaraja madogo juu ya prosesa yalikuwa yamekatwa ili kizidishio kifungwe, na risasi ya penseli, kwa kuwa ni grafiti na grafiti hupitisha umeme, iliyaunganisha tena. Mimi naipenda sana hadithi hiyo, kwa sababu aliyefanya vile alikuwa ameelewa mkondo unapita wapi.

Sasa njooni kwenye meza. Hii ni prosesa ya Intel, Q6600, ya 2007, viini vinne, yaani kama prosesa nne ndani ya moja: 266 mara 9, gigahezi 2.4, ndiyo megahezi 2,400. Nikiigeuza mnaona nukta 775 za rangi ya dhahabu. Baadhi yake zinaiambia mazabodi mapigo ya msingi yawe mangapi. Kwenye kompyuta za ofisi, ambazo ukurasa wake wa mipangilio hauruhusu chochote, kipande cha selotepu kidogo kuliko punje ya mchele juu ya nukta inayohusika huifanya mazabodi, ikiwa yenyewe inaweza, iende 333. Mara 9, gigahezi 3.0. Volti haijaguswa.

Hapo kwenye volti ndipo ninapotaka tukae. Umeme unaoliwa, na kwa hiyo joto, hufuata mapigo mara volti mara volti. Ukipandisha mapigo kwa asilimia 25 bila kugusa volti, joto hupanda kiasi hicho hicho. Ukipandisha volti kutoka 1.2 hadi 1.4, hata mapigo yasiposogea, joto hupanda asilimia 36. Ukifanya yote mawili umefika asilimia 70, na feni ni ile ile.

Feni haiwezi kuipoza prosesa ikawa baridi kuliko chumba. Chumba kikiwa na nyuzi 18, mtu wa Ulaya ana nafasi kubwa. Sisi mwezi wa Machi, kaskazi ikiisha, chumba kina nyuzi 32, na nyuzi hizo 14 zinaongezeka juu ya prosesa karibu zote. Kwa hiyo msinakili volti za watu wa huko. Pandisha mapigo kidogo kidogo kwa volti ya kiwandani mpaka ikatae, rudi nyuma hatua moja, ukae hapo. Tazameni pia mapezi haya ya alumini yanayotoa joto la prosesa: huu unga mweupe ni kazi ya hewa ya chumvi, na hili vumbi katikati limeshikana kama sufi. Kuyasafisha na kubadilisha grisi ya joto, ile inayopakwa kati yake na prosesa, kunafaa kuliko feni mpya.

Najua vijana mtaniuliza habari za barafu. Mwaka 2011 AMD FX-8150 ilifikishwa gigahezi 8.429 kwa heliamu kimiminika, gesi iliyopozwa kupita barafu mpaka ikawa majimaji, ni kweli, na ni kazi ya kustaajabisha. Lakini unyevu wa hapa ni mwingi: kitu chochote kilichopoa chini ya nyuzi 23 au 24 hutoa jasho, na jasho likidondokea mazabodi yenye chumvi, umeme hupita pasipo njia. Hewa inatutosha.

Kupima kuna adabu yake. Kompyuta kuwaka si ushahidi. Iendesheni programu ya Prime95, inayoipa prosesa hesabu nzito mfululizo, usiku kucha, huku mkitazama nyuzi. Prosesa iliyosukumwa kupita kiasi si lazima izime. Yaweza kukosea hesabu kimyakimya na kuandika kosa hilo kwenye diski. Ndiyo maana nawasihi: msiiguse kompyuta yenye hesabu za duka la baba wala kazi ya chuo ya dada. Tafuteni ya kwenu, kagueni kapasita zake, vile vikopo vidogo vilivyosimama juu ya mazabodi, kama zimefura juu, na kama zimefura, iacheni dukani.

Hii hapa ipo kwenye 3.0 tangu saa mbili asubuhi. Mwenye kutaka kusoma nyuzi zake asogee, na mwenye swali aulize.