Doa la Zambarau kwenye Shati la Yona

NEEMA: Karibuni tena, tuko Dodoma. Leo Yona kaja na shati jeupe lenye doa, na hataki nimseme.

YONA: Dada, nilipita sokoni Majengo. Mama ananipimia zambarau kwa kopo, moja ikaniponyoka. Nikakimbilia sabuni ya mche. Basi doa likageuka bluu!

NEEMA: Ungekamulia limau lingekuwa jekundu. Rangi hiyo ni anthosianini. Penye asidi huwa nyekundu, penye sabuni au magadi huelekea bluu. Ni ya jamii ileile inayozipa rangi zabibu nyeusi za hapa kwetu.

YONA: Mtaani wanasema inasafisha damu.

NEEMA: Kusafisha damu ndiyo kufanyaje? Ninachoweza kusema ni kwamba ni kizuia-oksidi, yaani hupunguza kemikali zinazoweza kuharibu seli. Kwenye chupa ya maabara inafanya kazi sana. Ukishaila, inayofika kwenye damu ni kidogo. Nyingi iko kwenye ganda, kwa hiyo wewe tafuna tu, tema kokwa.

YONA: Na ule ukakasi? Ulimi unakuwa kama umepakwa chaki.

NEEMA: Hapo ni tanini. Inashikana na protini za mate, mate yanapoteza utelezi, mdomo unakauka. Shida ni kwamba hushika pia madini ya chuma ya kwenye mboga za majani. Ukimaliza ugali na mlenda, usirukie zambarau papo hapo.

YONA: Mlenda usiuguse, dada. Utatufukuzisha mjini.

NEEMA: Siugusi! Mlenda wako ushushie na juisi ya ubuyu. Vitamini C hufanya kinyume cha tanini, inausaidia mwili kufyonza chuma cha kwenye majani. Gramu 100 za unga wa ubuyu zinaweza kuwa na miligramu 200 au hata zaidi. Chungwa ni kama 50. Ila tusidanganyane: ubuyu ni mkavu, chungwa limejaa maji, na mbuyu na mbuyu hutofautiana.

YONA: Bibi yangu alikuwa akikoroga ubuyu kwenye uji akishaepua. Ukiwa jikoni hatii.

NEEMA: Bibi alikuwa sahihi. Moto unaiharibu vitamini C. Sasa ule ubuyu mwekundu wa pakiti, uliopikwa na sukari na rangi, mimi nauhesabu ni peremende.

YONA: Ninao mfukoni.

NEEMA: Kula, lakini usiseme ni dawa. Na wanaosaga kokwa za zambarau kwa ajili ya kisukari, vidonge vya daktari msiviache.

YONA: Ukwaju je?

NEEMA: Ukwaju ukali wake ni asidi ya tartariki, ndiyo hiyohiyo ya zabibu. Huo tuutafutie siku yake.

YONA: Na shati langu?

NEEMA: Limau kwanza, maji baridi, sabuni mwisho.

YONA: Likibaki jekundu?

NEEMA: Sema ulikuwa shambani kwa watu wa zabibu.