Mtoto Aliyepumua Hakuzaliwa Mfu

Wauguzi, waganga, na ninyi watendaji wa vijiji mliokaa huko nyuma, hili nimeshalisema sana na nitalisema tena, maana vitabu bado vinajazwa vilevile.

Mtoto katoka, halii. Mkunga kamkausha, kamsugua mgongo, kampulizia hewa kwa ambu, ule mfuko wa kubonyeza wenye barakoa. Moyo umepiga dakika chache, ukasimama. Kwenye kitabu cha MTUHA, kile cha taarifa za huduma za afya, anaandikwa nini? “Kazaliwa mfu.” Hapana jamani! Moyo ukipiga, kitovu kikidunda, akivuta pumzi hata moja, huyo kazaliwa hai, kisha kafa.

Mtaniambia, si yote kifo? Aliyeandikwa mfu haingii katika hesabu ya vifo vya wachanga. Na hata kwa hesabu hiyo pungufu, tazameni: nchini, vifo vya walio chini ya miaka mitano vilikuwa 67 kwa kila vizazi hai 1,000 katika utafiti wa 2015-16, mwaka 2022 vilikuwa 43. Vya siku 28 za kwanza? Kutoka 25 hadi 24. Miaka yote hiyo, kimoja tu!

Na wengi tunaowaita wafu walikuwa hai. Wakunga wa hospitali nane hapa Tanzania walipofundishwa, kuanzia 2009, kumsaidia mtoto apumue ndani ya dakika ya kwanza, vifo vya saa 24 za mwanzo vilipungua kwa asilimia 47. Walioandikwa wafu wa ngozi isiyobabuka, yaani wanaodhaniwa wamekufa muda mfupi tu kabla ya kuzaliwa, nao wakapungua kwa asilimia 24. Ambu haifufui maiti. Watoto wale walikuwa wanangoja hewa.

Naijua hofu yenu. Aliyekufa baada ya kupumua anazua maswali, na anayebanwa ni muuguzi aliyekuwa peke yake usiku, akina mama watatu wakisukuma kwa pamoja. Waganga wafawidhi, kikao cha mapitio ya vifo mkikigeuza mahakama, mtaletewa uongo, na mtakuwa mmeutaka.

Muda unanibana. Watendaji, vifo vya nyumbani: msiba ukitulia, usiulize tu ugonjwa gani, utajibiwa degedege basi. Uliza alichemka siku ngapi, alinyonya, alikaza shingo, mbavu zilibonyea akipumua? Watafiti wa Ifakara na Rufiji walianza kuhoji hivyo nyumba kwa nyumba miaka ya 1990.

Wa wodi ya wazazi, Jumatatu fungueni kitabu cha mwezi uliopita. Kila aliyeandikwa mfu, tazameni kama ana alama ya Apgar, ile ya kupima moyo, pumzi na hali ya mtoto akizaliwa, inayozidi sifuri. Kama anayo, nileteeni ukurasa huo.