Lumumba alikuwa karani, tuanzie hapo

Asanteni sana watu wa Kisumu, vijana wa huko nyuma songeni mbele viti viko. Hapa kwetu Lumumba ni jina la nyumbani, hospitali iko, watoto wameitwa hivyo, lakini uliza mtu huyo Lumumba alikuwa nani, utaambiwa ati aliuawa akayeyushwa kwa asidi likabaki jino, ambalo Ubelgiji ililirudisha 2022. Ni kweli na inauma. Lakini nimesema na nitasema tena, mtu hazaliwi siku anayouawa! Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, alikuwa karani wa posta kule Stanleyville, Kisangani ya leo, na hiyo kazi ndiyo ilimfungua macho.

Manake kwa Wabelgiji waliotawala Kongo, Mwafrika aliishia hapo, karani, hata ujue kazi kuliko bosi. Alipelekwa shule ya posta Léopoldville, Kinshasa ya leo, 1947, akaongoza chama cha Waafrika wa posta, akaandika magazetini, bado ni karani. Halafu kulikuwa na ile kadi ya kuonyesha umestaarabika. Kuipata si kujaza fomu tu, watu wa serikali wanakuja mpaka kwako, wanaangalia kama mnakula na uma na kisu ama mikono, choo kikoje, unaongea vipi na bibi yako, watoto wanalala wapi. Hebu fikiria baba mzima umetoka kazini umechoka, mgeni anachungulia kabati lako ndio aamue kama wewe ni mtu! Mara ya kwanza Lumumba alinyimwa, akaipata 1954, na hata na kadi mfukoni mshahara ukabaki wa Mwafrika, yule Mbelgiji wa kaunta hiyo hiyo analipwa mara kadhaa zaidi.

Najua kuna mtu anangoja kuniuliza, si alikula pesa ya posta? Alikamatwa 1956, akakubali kuwa alichukua, akafungwa, akatoka Septemba 1957. Simfichi. Ila aliyeingia jela alikuwa bado anaamini ile kadi, na aliyetoka hakuiamini tena. Akaenda Léopoldville kuuza bia, kila baa anajua watu, na Oktoba 1958 akina Lumumba wakaanzisha MNC, chama cha kudai uhuru wa Kongo. Desemba yuko Accra, na mwenyekiti wa mkutano ule wa Afrika nzima ni nani? Tom Mboya wetu wa Rusinga, miaka 28, naye alikuwa inspekta wa afya wa kanjo Nairobi! Hao ndio watu waliokuwa wanajua serikali inavyofanya kazi, kwa sababu walikuwa wanaifanya wao.

Sasa naambiwa muda umeisha, wacha nikimbie. Juni 30, 1960 ni waziri mkuu, miaka 34. Watu husema serikali ilimshinda. Angeiendesha na nani? Vyeo vya juu vya serikali karibu 5,000, Wakongo walikuwa watatu. Jeshini hakuna ofisa Mwafrika hata mmoja, na Jenerali Janssens, Mbelgiji aliyekuwa mkuu wa jeshi, akaandika ubaoni mbele ya askari kwamba kabla ya uhuru ni sawa na baada ya uhuru, askari wakaasi hata wiki haijaisha, Wabelgiji maelfu wakatoroka, ofisi zikabaki tupu, Julai 11 mkoa wa Katanga, wenye madini, ukajitenga. Rais Kasavubu na Mobutu wa jeshi, waliomwondoa madarakani, siwagusi leo. Anayetaka kubishana juu ya ile pesa ya posta, maiki ndiyo hiyo.