Bakteria Hupataje Katikati Yake?

Waheshimiwa wahadhiri, wanafunzi na wageni wetu hapa Kampala,

Fundi mwashi akitaka kupata katikati ya ukuta, hukunja kamba yake mara mbili na kazi imekwisha. Bakteria hana kamba, wala macho, wala kibarua wa kumshikia ncha ya pili. Hata hivyo Escherichia coli, kijiti cha mikromita mbili hivi ambacho kikipata chakula na joto la kukifaa hujigawa kila baada ya dakika 20, hukatika karibu kabisa na katikati, kizazi baada ya kizazi.

Kinachoanzisha mkato huo ni pete ya protini iitwayo FtsZ, ambayo ni jamaa ya tubulini iliyomo ndani ya seli zetu wenyewe. Pete hiyo, ambayo watafiti Bi na Lutkenhaus waliionyesha mwaka 1991, hujifunga chini ya utando wa seli na kuziita protini nyingine zinazojenga ukuta mpya kuelekea ndani. Lakini FtsZ imetapakaa katika seli nzima. Kwa hiyo tusiulize inapatikana wapi. Tuulize ni wapi inaporuhusiwa kujipanga.

Dokezo lilikuwapo tangu 1967, ilipoelezwa aina ya E. coli yenye hitilafu iliyokuwa ikikatika kwenye ncha na kutoa vijiseli vidogo visivyo na DNA, visivyoweza kuzaa. Kwa maoni yangu hilo ndilo jambo la kukumbuka jioni hii: ncha nazo zinaweza kukatika, ila katika seli yenye afya kuna kitu kinachozikataza.

Anayekataza ni protini iitwayo MinC, naye husafiri kwa kubebwa na mwenzake, MinD. MinD ikiwa imeshika ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, hung'ang'ania utando. Protini ya tatu, MinE, huifuata, huichochea iivunje ATP hiyo, nayo MinD hubanduka, huelea, hupata ATP mpya na kushika tena mahali ambapo MinE bado ni chache, yaani kwenye ncha ya pili. Mwaka 1999 Raskin na de Boer waliitia MinD protini inayong'aa, wakaiona kwa hadubini ikihama kutoka ncha hadi ncha, huko na huko, mzunguko mmoja ukichukua kama dakika moja.

Hebu fikirini jerikeni la lita 20 lililojazwa nusu, likalazwa kwa ubavu nyuma ya bodaboda na kusafirishwa katika barabara yenye mashimo. Maji hupanda kichwani, kisha hurudi kupanda kitakoni, na mwisho wa safari sehemu ya ndani iliyoloa kidogo zaidi ni katikati ya ubavu wa juu, ingawa hakuna aliyeipima. Mfano wangu una kasoro, maana maji husukumwa na mashimo ya barabara ilhali protini hizi hujiendesha kwa ATP, lakini matokeo yanafanana: kwa wastani kizuizi huwa kidogo zaidi katikati, na hapo ndipo FtsZ inapopata nafasi ya kujifunga.

Kipo pia kizuizi cha pili, protini iitwayo SlmA, ambayo hushika DNA na kuizuia pete isijifunge juu ya kromosomu ambazo bado hazijaachana. Bakteria mwingine, Bacillus subtilis, hufanya hivyo kwa protini iitwayo Noc, na protini zake za Min hazihamihami hata kidogo. Hushikizwa kwenye ncha na protini nyingine, DivIVA.

Wenzetu mnaochunguza makohozi mtaniuliza kuhusu bakteria wa kifua kikuu. Huyo hana MinC wala MinE. Hurefuka kwenye ncha badala ya ubavuni, huchukua karibu siku nzima kujigawa mara moja, na watoto wake mara nyingi hawalingani kwa urefu. Katika jamaa yake wa maabara, Mycobacterium smegmatis, watoto hao wasiolingana wameonekana kutofautiana pia katika kustahimili dawa, ingawa wametoka katika seli moja na wamerithi jeni zilezile.